MALEZI YASIISHIE LANGONI

Kijana akitimiza miaka 18, sheria humhesabu kuwa mtu mzima. Kwa kijana aliyekulia nyumbani kwao, siku hiyo hupita kama siku nyingine. Hulala katika kitanda kile kile alicholalia jana, na asubuhi hupewa chai na mama yule yule. Kwa kijana aliyelelewa katika makao ya watoto, au katika familia ya malezi ya kambo, siku hiyo ina maana nyingine kabisa. Ni siku ambayo wale waliokabidhiwa jukumu la kumlea wanaweza kusema kwamba kazi yao imekwisha. Atapewa mkono wa kheri, begi la nguo na nasaha za kutosha, kisha lango litafungwa nyuma yake.

Swali linalopaswa kuulizwa na kila mtumishi wa umma na kila mwalimu ni hili: baada ya lango kufungwa, kijana huyo anakwenda wapi, na anakula nini wakati anajifunza kazi?

Swali hili halihusu ada peke yake. Kwa muda mrefu mazungumzo juu ya kuwasaidia vijana yatima na wale waliotengana na wazazi wao yameishia kwenye ada. Akipatikana mfadhili wa kulipia chuo, watu hupongezana na kudhani kwamba jambo limekamilika. Lakini kila aliyewahi kujifunza ufundi anajua kwamba ada ni sehemu ndogo ya gharama. Mwanagenzi wa useremala, uashi, umeme wa majumbani, uchomeleaji au ushonaji hula kila siku. Hupanda daladala kwenda karakana na kurudi. Anahitaji ovaroli na viatu vizito, na baada ya muda anahitaji spana, bisibisi, futi na koleo za kwake mwenyewe, kwa sababu fundi mkuu hatamwazima vifaa vyake milele. Anahitaji pia mahali pa kulala, na katika miji mingi mwenye nyumba hudai kodi ya miezi mitatu au sita kabla ya kutoa ufunguo.

Kijana mwenye kwao hazioni gharama hizi, kwa kuwa zimefichwa ndani ya maisha ya nyumbani. Hakuna baba anayemwandikia mwanawe hati ya madai ya wali aliokula. Hakuna shangazi anayedai kodi ya chumba. Kaka akipata mshahara, humwachia mdogo wake nauli juu ya meza. Ujuzi mwingi wa mafundi wa nchi hii umelipiwa kwa njia hiyo na familia zao, kimya kimya, bila kuandikwa katika kitabu chochote cha hesabu. Kijana aliyetoka makaoni hana meza ya kuachiwa nauli. Ndiyo maana wawili hawa, wenye umri mmoja na akili sawa, wakiingia karakana moja siku moja, mmoja atamaliza na mwingine ataonekana baada ya miezi mitatu akibeba mizigo sokoni. Watu watasema kwamba huyu wa pili hakuwa na moyo wa kazi. Kumbe alikuwa na njaa.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 kwa upande wa Tanzania Bara, na Sheria ya Mtoto Na. 6 ya mwaka 2011 kwa upande wa Zanzibar, zimeweka wazi wajibu wa jamii na Serikali kwa mtoto aliyekosa malezi ya wazazi. Sheria hizo zilikuwa hatua kubwa. Ile ya Bara ilifuta sheria kadhaa za zamani, ikiwamo ile ya watoto na vijana ambayo chimbuko lake lilikuwa katika utawala wa Mwingereza wa miaka ya 1930, iliyomtazama mtoto asiye na wazazi zaidi kama mkosaji mtarajiwa kuliko kama mwenye haki. Lakini mtoto katika sheria ni mtu aliye chini ya miaka 18, na maisha hayafuati kalenda. Ufundi hauivi siku ya kuzaliwa. Mara nyingi unaanza hapo hapo ambapo ulinzi wa sheria unapungua.

Kwa kuwa mizizi ya sheria zetu za watoto iliwahi kuchimbiwa Uingereza, yafaa kutazama nchi hiyo ilifanya nini na vijana wa aina hii. Lengo si kuiga. Nchi hiyo imelishughulikia tatizo hili kwa sheria na kwa hesabu, na katika kulishughulikia imefanya mambo mema na makosa, na yote mawili yana mafunzo.

England peke yake ilikuwa na watoto 83,630 chini ya malezi ya halmashauri mwishoni mwa Machi 2024. Mwaka 2000 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mahsusi juu ya vijana wanaotoka katika malezi hayo. Kwa mujibu wa utaratibu uliojengwa juu ya sheria hiyo, kijana aliyekaa chini ya malezi ya halmashauri kwa jumla ya wiki 13 au zaidi tangu alipotimiza miaka 14, na akawa bado malezini alipofikia miaka 16, haachwi tu. Halmashauri inalazimika kumpa mshauri wa kumfuatilia, na kuandika pamoja naye mpango wa elimu, makazi na kazi. Sheria nyingine ya mwaka 2017 iliongeza muda wa kupata mshauri huyo hadi kijana afikapo miaka 25. Msingi wa sheria hizo ni wa kueleweka na mtu yeyote aliyewahi kulea: halmashauri iliyochukua nafasi ya mzazi haina budi kufanya yale ambayo mzazi mwema angefanya.

Hata hivyo, katika suala la fedha, hata nchi hiyo tajiri ilianza kwa upendeleo. Sheria ya mwaka 2008 iliweka msaada wa pauni 2,000 kwa kijana wa malezini aliyekwenda chuo kikuu. Aliyekwenda kujifunza ufundi alingoja kwa takriban miaka kumi. Ni mwezi Agosti 2018 ndipo ruzuku ya pauni 1,000 ilipoanza kutolewa kwa kila mwanagenzi wa umri wa miaka 16 hadi 24 aliyepitia malezi ya halmashauri. Mwezi Agosti 2023 ruzuku hiyo ilipandishwa ikawa pauni 3,000. Zaidi ya hapo, mwajiri anayempokea kijana huyo hupata pauni 1,000, na chuo kinachomfundisha hupata pauni 1,000 nyingine, kwa kutambua kwamba kumfundisha kijana asiye na msaada wa nyumbani kunahitaji uvumilivu na muda wa ziada.

Ili kupima kama fedha hizo ni nyingi au chache, hapana budi kufanya hesabu. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara wa mwanagenzi nchini Uingereza kilikuwa pauni 7.55 kwa saa. Kiwango hicho humhusu aliye chini ya miaka 19, na pia aliyezidi umri huo lakini yumo katika mwaka wa kwanza wa mafunzo. Wakati huo huo, kijana wa miaka 18 hadi 20 asiye mwanagenzi alistahili pauni 10.00 kwa saa, na mwenye miaka 21 na zaidi alistahili pauni 12.21.

Wachukuliwe vijana wawili wa miaka 19, wote wametoka malezini. Mmoja anaingia mwaka wa kwanza wa kujifunza ufundi wa mabomba, mwingine anakwenda kupanga bidhaa dukani. Kila mmoja anafanya kazi saa 30 kwa wiki na kulipwa kima cha chini. Mwanagenzi anapata pauni 226.50 kwa wiki. Mpanga bidhaa anapata pauni 300. Tofauti ni pauni 73.50 kwa wiki, na kwa wiki 52 inafika pauni 3,822. Hiyo ndiyo bei ya kuchagua kujifunza. Ruzuku ya pauni 3,000 inaziba kidogo zaidi ya robo tatu ya pengo hilo. Ile ya zamani ya pauni 1,000 ingeziba kama robo tu. Na kama vijana hao wangekuwa na miaka 21, pengo lingefika karibu pauni 7,270, na ruzuku isingefikia hata nusu yake. Wako waajiri wanaolipa zaidi ya kima cha chini, lakini sera ya umma haiwezi kutegemea ukarimu wa baadhi ya waajiri.

Hesabu hii inafundisha jambo moja kubwa. Kujifunza ufundi kuna bei hata pale ambapo mafunzo ni ya bure na mshahara unalipwa. Bei hiyo ni kipato anachokiacha kijana kwa mwaka mmoja au miwili ili apate kipato bora baadaye. Mwenye wazazi huilipa bei hiyo kwa kuendelea kukaa nyumbani. Asiye nao huilipa kwa njaa, au hukataa kuilipa na kwenda kupanga bidhaa dukani maisha yake yote. Mahali pa duka la London, wekeni kibarua cha siku bandarini, au kuuza maji ya chupa stendi ya mabasi, au bodaboda ya mkataba ambayo faida yake huenda kwa mwenye pikipiki. Hesabu ni ile ile.

Mafunzo ya upande wa makosa nayo ni matatu.

La kwanza ni wakati wa malipo. Katika mpango wa England kijana hustahili ruzuku baada ya kukaa kazini siku 60. Nia ilikuwa njema: fedha za umma zisitolewe kwa mtu atakayeacha wiki ya pili. Lakini dhiki kubwa ya mwanagenzi iko katika siku hizo hizo 60 za mwanzo. Ndipo anapohitaji amana ya chumba, viatu vya kazi na nauli ya mwezi wa kwanza kabla mshahara haujafika. Kumwambia asubiri siku 60 ni sawa na kumwahidi mtu anayevuka mto kwamba atapewa mtumbwi akifika ng'ambo.

La pili ni kiwango kisichosogea. Pauni 1,000 zilizowekwa mwaka 2018 zilibaki pale pale kwa miaka mitano, wakati katika mwezi wa Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini humo ulifika asilimia 11.1. Fedha iliyotajwa kwa tarakimu bila kufungwa na bei za vitu huliwa polepole, na anayeumia ni yule asiye na sauti ya kudai nyongeza.

La tatu ni kudhani kwamba fedha peke yake inatosha. Pamoja na sheria zote hizo, takwimu za Serikali ya nchi hiyo zimeonyesha mwaka hadi mwaka kwamba karibu wawili kati ya kila vijana watano wa miaka 19 hadi 21 waliotoka malezini hawamo shuleni, hawamo kazini, wala hawamo katika mafunzo yoyote. Ruzuku imewasaidia waliofika mlangoni mwa karakana. Wale ambao hawakupata mtu wa kuwashika mkono hadi mlangoni hapo haikuwafikia.

Sasa itazamwe hali ya hapa nyumbani, kwa haki na bila kukata tamaa. Mengi yamefanyika. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vyuo vyake vimeendelea kuongezeka. Waajiri wa Bara wamekuwa wakilipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo mwaka 2023 kiwango chake kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara wanayolipa. Ada ya shule za sekondari za Serikali iliondolewa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari. Serikali pia imeendesha programu ya kukuza ujuzi ambayo ndani yake mna uanagenzi, na mna utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani.

Lakini ukiupima kila mpango kwa kipimo cha kijana aliyetoka makaoni, utaona nafasi aliyosahauliwa. Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 imewajali yatima, lakini ililengwa kwa wanafunzi wa elimu ya juu, na ni kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 ndipo mikopo ilipoanza kuwafikia wa stashahada katika fani za kipaumbele. Anayejifunza uashi hayumo katika ngazi hizo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyowekwa katika sheria mwaka 2018, ikasitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, ni msaada mkubwa kwa vikundi vya vijana. Lakini mkopo huo ni kwa mwenye shughuli ya kuzalisha. Mwanagenzi hana biashara bado, na kumkopesha anayejifunza ni kumfunga deni kabla hajajua kushika nyundo.

Hapa na England, basi, kosa limekuwa la aina moja. Aliyekwenda chuo kikuu alikumbukwa kwanza. Aliyekwenda karakana akakumbukwa baadaye, au bado anangoja. Jambo hili ni la aibu katika nchi ambayo mwaka 1967 ilitangaza Elimu ya Kujitegemea na kufundisha kwamba kazi ya mikono ina heshima sawa na kazi ya kalamu. Heshima ya kazi ya mikono haipimwi kwa hotuba za siku ya mahafali. Inapimwa kwa fungu lililotengwa kwa ajili ya yule anayejifunza kazi hiyo.

Wako watakaosema kwamba kijana wa miaka 18 ajitegemee. Neno kujitegemea ni zuri, na kwa sababu ni zuri lisitumiwe kama kisingizio. Hakuna mzazi mwenye busara anayempeleka mwanawe shamba bila jembe kisha akamlaumu kwa kutolima. Kumpa jembe na chakula cha msimu wa kwanza ndiko kumwandaa ajitegemee. Kumwacha mikono mitupu ni kumtupa, hata kama jina lililotumika ni hilo hilo.

Wako pia watakaosema kwamba vijana maskini ni wengi, na kwamba kuwapendelea waliotoka makaoni ni kuwasahau wengine wanaoishi na bibi zao vijijini. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Jibu lake ni kwamba wajibu wa Serikali kwa raia wote maskini ni mmoja, na wajibu wake kwa mtoto iliyemchukua chini ya ulinzi wake ni mwingine. Amri ya mahakama au uamuzi wa afisa wa ustawi wa jamii ulipomweka mtoto katika makao, umma ulisema kwa kitendo kwamba tangu siku hiyo umma ndio mzazi. Mzazi hawezi kujitetea kwa kusema kwamba majirani nao wana watoto. Aidha, vijana hawa ni kundi dogo linalojulikana kwa majina na kwa mafaili. Pa kuanzia panaonekana, na gharama yake inahesabika.

Wengine watahofia ubadhirifu: kwamba kijana atapewa fedha anunue simu, au kwamba wenye karakana watajaza majina hewa. Hofu hiyo itibiwe kwa utaratibu mzuri, isiwe sababu ya kutofanya lolote. Iko hatari nyingine ambayo husemwa mara chache, nayo ni ya unyonyaji. Wapo mafundi wanaowageuza wanagenzi kuwa vibarua wa bure, wakifagia na kutumwa chai mwaka mzima bila kufundishwa kitu. Kijana asiye na kwao ndiye mawindo mepesi ya mafundi wa namna hiyo, kwa kuwa hana baba wa kuja kuuliza. Posho ndogo ya uhakika humpa uwezo wa kuondoka mahali anaponyonywa na kutafuta mahali anapofundishwa.

Nini basi kifanyike? Kwanza, posho ya mwanagenzi aliyetoka makaoni au katika malezi ya kambo iwe haki iliyoandikwa katika kanuni, isiyotegemea huruma ya mfadhili wala mkurugenzi. Ianze siku ya kwanza ya mafunzo, na sehemu ya mwanzo iwe kubwa kidogo ili ikidhi kodi ya chumba na mavazi ya kazi. Baada ya hapo ilipwe kwa mwezi, kwa kiasi cha kutosha chakula na nauli, na ipitiwe upya kila mwaka kulingana na bei za vitu. Akihitimu, akabidhiwe sanduku la vifaa vya fani yake. Fundi bila vifaa ni msomi asiye na kalamu.

Pili, isiwe kwa wale wa vyuoni tu. Mafundi wengi wa nchi hii wanajifunzia katika gereji za mitaani, katika maeneo ya viwanda vidogo ya SIDO, na chini ya miembe. Mkataba ulioandikwa kati ya fundi, kijana na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, wenye kutaja muda na mambo yatakayofundishwa, utatosha kuwa msingi wa malipo. Ujuzi utakaopatikana upimwe na kurasimishwa kwa utaratibu uliopo.

Tatu, fedha itafutwe mahali ambapo tayari ipo. Tozo ya ufundi stadi hulipwa na waajiri kwa ajili ya kuzalisha mafundi. Kutenga sehemu ndogo ya mapato yake kwa ajili ya wanagenzi wasio na kwao ni kuitumia kwa lengo lile lile lililowekewa sheria. Halmashauri nazo zinaweza kuangalia upya masharti ya fungu la vijana, ili sehemu yake itolewe kama posho ya mafunzo isiyorudishwa.

Nne, kazi ianze kabla ya miaka 18. Vijana wengi wa makaoni hugota kwenye mambo ambayo kwa wengine ni madogo. Cheti cha kuzaliwa hakipo. Bila cheti, kitambulisho cha taifa kinachelewa. Bila kitambulisho, akaunti ya benki na laini ya simu kwa jina lake ni shida. Fomu ya chuo inaomba mdhamini, naye hana wa kumtaja. Afisa wa ustawi wa jamii anayesubiri hadi kijana asimame nje ya lango na begi lake ndipo amfungulie faili la cheti cha kuzaliwa, atakuwa amechelewa kwa miaka. Mambo haya yakamilishwe kijana akiwa na miaka 15 au 16, na ofisi ya halmashauri iwe tayari kuandikwa katika fomu mahali pa mdhamini. Kuandika jina hilo hakugharimu shilingi.

Hapa ndipo walimu wanapoingia. Mwalimu wa darasa anamjua mwanafunzi anayetoka makaoni. Anajua pia kama kijana huyo ana mkono mwepesi wa kuchonga, au jicho la kupima, au kipaji cha kutengeneza redio iliyokufa. Neno la mwalimu kwa afisa wa ustawi wa jamii, likitolewa kijana akiwa kidato cha pili au cha tatu, laweza kumwelekeza kwenye fani inayomfaa badala ya kumwacha achukue nafasi yoyote iliyobaki. Na mwalimu akimwuliza mwanafunzi huyo, baada ya matokeo kutoka, analala wapi siku hizi, atakuwa amefanya kazi ambayo hakuna waraka uliomwagiza, lakini kila mzazi angeifanya.

Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Msemo huo umezoeleka kutumiwa kuwaonya watoto. Kwa vijana waliolelewa na umma, unawaonya wakubwa. Mama wa watoto hawa ni taifa, na kazi yake ya kuwafunza haijaisha siku wanapotimiza miaka 18. Wakiachwa wafunzwe na ulimwengu, ulimwengu utawafunza yale unayoyajua: kulala stendi, kukimbia mgambo, na kuamini kwamba wema wote waliofanyiwa utotoni ulikuwa na tarehe ya mwisho.

Taifa limekwisha gharamia chakula chao, sare zao na madaftari yao kwa miaka mingi. Kuwaacha katika mwaka ule ule ambao wangegeuka kuwa mafundi ni sawa na mkulima aliyepalilia shamba hadi mahindi yakatoa mbelewele, kisha akaenda zake mvua ya mwisho ilipokuwa karibu kunyesha. Mwaka mmoja au miwili ya posho ya chakula, nauli na chumba ndiyo mvua hiyo. Wanaoshika mafaili na wanaoshika chaki ndio wanaoweza kuhakikisha kwamba inanyesha kwa wakati.